Kumaliza vilivyomo kwenye friza na kabati kabla ya kurudi sokoni

Fungua friza ya nyumba yoyote ya Dar wiki ya pili ya Januari. Utakuta nyama ya sikukuu iliyofungwa harakaharaka, kisamvu kilichotwangwa zamani, vichwa vya samaki vilivyowekwa kwa ahadi ya supu, na kopo la siagi ambalo hakuna mtu humo ndani anayejua lina nini. Kabatini kuna nusu pakiti ya tambi, choroko kidogo, mchele wa aina mbili na unga wa ngano uliobaki baada ya chapati za mwaka mpya. Wakati huohuo ada inadaiwa, sare zimebana watoto, mwenye nyumba anapiga simu, na bado kila jioni mtu anatumwa gengeni.

Wengi tukitaka kubana matumizi tunatafuta vya bei rahisi. Mimi nageuza mpangilio. Badala ya kuamua tunakula nini ndipo twende kutafuta, naanza na kilichopo, halafu soko linajazia pengo. Nyumba yenye friza iliyojaa inaweza kwenda hivyo wiki mbili au zaidi, na ninaponunua nanunua vitu kama vitunguu na nyanya tu, nyama siigusi.

Hatua ya 1: Toa vyote, viandike

Fanya asubuhi kabla jua halijachoma. Andaa ndoo kubwa au beseni, panga vitu vya friza humo vikiwa vimebanana, funika kwa blanketi zito. Vikikaa pamoja hivyo haviyeyuki upesi, lakini usianze kupiga soga. Andika na urudishe.

Daftari la shule linatosha. Andika ni kitu gani, kinatosha mlo wa watu wangapi, na ni cha lini kwa kukadiria. Usiandike "nyama". Andika "nyama ya mifupa, mlo mmoja" au "nyama ya kusaga, nusu kilo". Utashangaa jinsi "hatuna kitu" inavyogeuka kuwa milo kumi na kitu.

Kifurushi kisichojulikana kiweke chini kabisa kwenye friji kiyeyuke usiku, asubuhi utakitambua. Nyama yenye mabaka meupe makavu imeunguzwa na baridi tu. Haina madhara, ila ladha imepungua: kata sehemu hizo, iliyobaki ipeleke kwenye mchuzi mzito, usiichome.

Kabati nalo lisibaki. Vuta vya nyuma vije mbele.

Hatua ya 2: Amua cha kutupa na cha kuwahi

Hapa usione haya kutupa. Kuokoa pesa ya chakula ukaja kuilipa hospitali ni hasara mbili.

Mahindi, unga wa dona au karanga zenye ukungu, zenye rangi ya ajabu au harufu ya uvundo, tupa zote. Usichambue ukabakiza "nzuri". Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haionekani kwa macho na haiondoki kwa kupikwa; mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa nafaka za kawaida za nyumbani. Usiwape kuku pia. Kopo lililovimba au linalovuja nalo liende.

Wadudu ni jambo jingine. Mchele wenye fukusi wachache pepeta kwa ungo, osha, pika. Unga wenye wadudu wachache upitishe kwenye chekeche, ila ukiwa na utando au harufu, achana nao. Nafaka unayotaka kuitunza ifunge vizuri uiweke kwenye friza siku nne, wadudu na mayai yao yatakufa.

Kwenye friza kuna foleni. Wa kwanza ni samaki wa mafuta kama vibua, kwa sababu mafuta yake yanachacha hata kwenye barafu, pamoja na nyama ya kusaga. Hivyo visivuke miezi mitatu. Vipande vya ng'ombe vinasubiri zaidi, na kuku mzima ndiye mwenye subira kuliko wote.

Na kama LUKU (umeme wa kulipia kabla) iliisha au umeme ulikatika? Friza iliyojaa ikibaki imefungwa inashika baridi karibu saa 48, iliyojaa nusu tu inashika karibu saa 24. Ukikuta kitu bado kina chembe za barafu, kipike au kirudishe. Nyama iliyolainika na kupata joto usiirudishe wala usiipike.

Hatua ya 3: Panga milo kwa kanuni ya vitu vitatu

Kila mlo uwe na kimoja cha friza, kimoja cha kabati na kimoja kibichi. Basi. Chukua daftari, chora mistari ya kuunganisha. Vichwa vya samaki vinakwenda na mchele na ndimu. Nyama ya kusaga inakwenda na tambi na kitunguu. Kuku wa vipande anakwenda na viazi vilivyoanza kuchipua kidogo (ondoa machipukizi na sehemu za kijani). Vile ambavyo havijapata mwenzake, ndivyo vitakavyokuambia ununue nini.

Mfano ninaoupenda ni kisamvu. Kilichotwangwa na kugandishwa hakihitaji kuyeyushwa. Kitumbukize kwenye maji yanayochemka, usifunike, kichemke hadi kilainike kabisa, kwani kisamvu kibichi kina sumu inayotoka kwa kutwangwa na kupikwa vizuri. Kikikauka maji, weka kunde zilizokwisha kuchemshwa, kitunguu, tui jepesi, mwisho tui zito. Hapo kuna kitu cha friza, cha kabati, na nazi moja tu ya kununua. Huna nazi? Zile karanga za kusaga zilizobaki, kama ni nzima, zinafanya kazi hiyohiyo.

Maharage yanahitaji maneno zaidi, kwa kuwa ndipo pesa inapovuja bila watu kuona. Maharage ya kabatini umeshayalipia, lakini ukiyachemsha kila siku kidogokidogo kwa gesi, unayalipia tena. Yaliyokaa muda mrefu ndiyo magumu zaidi. Kwa hiyo yapike yote kwa mara moja. Loweka usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, weka maji mapya. Yatokote kwa nguvu dakika 10 kamili kwanza, hasa yale mekundu, maana maharage yasiyochemka sawasawa yanavuruga tumbo vibaya. Baada ya hapo ndipo unaweza kuyahamishia kwenye jiko la mkaa, yaive taratibu huku ukifanya mengine. Nyanya na ndimu visubiri mpaka yalainike. Ukiviweka mapema utachoma mkaa hadi jioni. Magadi yanasaidia, mimi siyapendi kwa ladha yake, ila kwa maharage ya mwaka juzi sibishani na mtu.

Yakipoa, yafunge kwa mafungu ya mlo mmoja, mfuko uwe bapa ili uyeyuke haraka. Fungu moja linaungwa kwa nazi, jingine linachanganywa na mahindi yaliyokobolewa yawe makande, la tatu linapondwa na kuliwa na chapati za ule unga uliobaki. Umewasha moto mrefu mara moja tu.

Nyama itoe friza usiku wa kuamkia siku ya kupika, ikae kwenye friji ndani ya bakuli. Umesahau? Mfuko uliofungwa vizuri kwenye maji baridi, badilisha maji kila nusu saa, kisha ipike papo hapo. Kuiacha juu ya meza tangu asubuhi kwa joto letu hili la Januari ni kuwakaribisha bakteria.

Hatua ya 4: Nenda gengeni na karatasi

Nunua viunganishi tu: vitunguu, nyanya fungu moja, mchicha au matembele, nazi, ndimu, pilipili. Kama kitu hakikamilishi mlo ulioandikwa, kitakusubiri mwezi ujao. Ukimtuma mtoto mpe karatasi na pesa inayolingana nayo, maana chenji ya gengeni ina miguu.

Na pesa ambayo kwa kawaida ingeenda kwenye nyama na maharage, itoe siku hiyohiyo uiweke kando, kwenye kibubu au kwenye simu. Ukiiacha kwenye pochi itageuka soda na bodaboda, utasema mpango haukufanya kazi.

Hatua ya 5: Mabaki madogo na viporo

Kila nyumba ina mchele kidogo usiotosha mlo. Changanya wa aina zote, utimize vikombe viwili, uloweke usiku. Asubuhi umwage maji, usage kwenye blenda na kikombe kimoja cha tui zito, sukari robo tatu ya kikombe au pungufu, hamira kijiko kimoja cha chai na hiliki. Rojo liwe zito la kumiminika. Likikataa kusagika ongeza tui kidogokidogo. Liache liumuke. Pasha sufuria yenye mafuta kidogo, mimina, moto mdogo chini, na sehemu ya chini ikishika funika kwa mfuniko wenye makaa juu. Hapo una mkate wa kumimina wa chai ya watu wote. Ukiwa na chuma cha vitumbua, rojo hilohilo linafaa.

Vipande vya nyama vilivyobaki kila mlo, shingo na miguu ya kuku, mifupa, vikusanye kwenye mfuko mmoja wa friza. Ukijaa ni supu. Tambi za pakiti tatu tofauti zichanganye bila aibu, ila uanze kutia zile nene.

Wali wa kiporo ni mtamu na chai, nami siupingi, lakini una sharti. Kuna vijidudu kwenye mchele ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka, na wali ukilala kwenye sufuria jikoni vinazaliana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Tandaza wali kwenye sinia upoe, uingie friji ndani ya saa moja, uliwe asubuhi yake, ukiwa umepashwa mpaka ufuke moshi. Uliokesha mezani haufai.

Hatua ya 6: Safisha, halafu ujaze kwa akili

Friza ikishakuwa karibu tupu, zima na uiache wazi barafu ya ukutani iyeyuke. Usiikwangue kwa kisu, utatoboa mahali gesi inapopita na fundi atakula akiba yote. Futa kwa maji yenye magadi ya kuokea, kausha, washa, isubiri ishike baridi ndipo urudishe vitu.

Kuanzia sasa kila kinachoingia kiwe na jina na tarehe. Selotepu ya karatasi na peni ya maka vikae juu ya friza yenyewe, vikikaa chumbani hakuna atakayevifuata. Andika pia idadi ya walaji.

Nafasi iliyobaki wazi ijaze chupa za maji. Zikiganda zinasaidia friza kutunza baridi umeme ukikatika, na ni barafu ya juisi ukipata wageni. Ila usijaze mpaka shingoni, maji yakiganda yanatanuka na chupa itapasuka.