Somo: Kufuatilia maji ndani ya madini yanayobanwa

Wengi hudhani ukiyabana madini yenye maji, maji yatachuruzika kama tui. Sivyo. Maji hayo si matone. Ni haidrojeni iliyoshikana na oksijeni ndani ya fuwele yenyewe. Shinikizo peke yake kwa kawaida halitoshi kuyatoa. Joto ndilo huyafukuza. Maabara huonyesha hivi:

1. Tazamanisha almasi mbili zenye ncha bapa. Kati yake weka bati la reniamu (metali ngumu) lenye tundu la takriban sehemu ya kumi ya milimita.

2. Tunduni tia chembe ya madini, kijipande cha yakuti na gesi ya neoni. Neoni usiiache: bila kitu laini kuizunguka, chembe hubanwa zaidi upande mmoja na vipimo vinapotoka.

3. Kaza skrubu zinazosukuma almasi polepole. Yakuti ndiyo kipimo chako cha shinikizo. Yakuti ikipigwa leza hung'aa nyekundu, nanomita 694, na urefu wa wimbi huongezeka kwa takriban nanomita 0.36 kila gigapaskali. Gigapaskali moja ni karibu mara 10,000 ya shinikizo la hewa.

4. Pitisha miale ya infraredi. Kifungo cha oksijeni na haidrojeni hufyonza sehemu yake maalumu ya miale; alama hiyo ikiwepo, maji hayajatoka.

5. Sasa pasha moto. Chukua madini ya serpentini, ambayo karibu asilimia 13 ya uzito wake ni maji. Mpaka kwenye gigapaskali 2 hivi, kadiri unavyobana ndivyo inavyostahimili joto, hadi karibu nyuzi 700 za Selsiasi. Ukipita hapo mambo hugeuka: huvunjika kwa joto dogo zaidi. Sababu ni kwamba maji yaliyoachiliwa hubanika sana, hivyo vyote vinavyotokana na kuvunjika huko kwa pamoja huchukua nafasi ndogo kuliko serpentini nzima. Mimi naona hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika somo hili.

MASWALI

Mwalimu, kuna bahari huko chini ardhini?
Bahari ya kuogelea hakuna. Ila mwaka 2014 mwanasayansi Graham Pearson na wenzake walieleza almasi ya Juína, Brazili, yenye chembe ya madini ya ringwuditi iliyobeba maji karibu asilimia 1.5. Madini hayo hukaa kati ya kilomita 520 na 660 chini.

Yakishuka zaidi ya kilomita 660?
Ringwuditi hugeuka hasa kuwa madini mengine, bridgmaniti, ambayo hubeba maji kidogo mno. Maji yanayobaki yanaweza kuyeyusha mwamba kiasi.

Je, maji ya serpentini ndiyo yanayolisha Oldoinyo Lengai?
Hapana, huo ni mlima wa Bonde la Ufa, ambako bamba (kipande kikubwa cha tabaka la juu la dunia) linatanuka. Tafuta mfano wako Japani au Andes: huko bamba la bahari huzama, serpentini huachia maji, na maji hushusha kiwango cha joto la kuyeyuka cha mwamba ulio juu yake.