Kuomba anwani za IPv4 ukiwa Lubumbashi bila kupitia dalali

Ukianza kuuza intaneti hapa Lubumbashi, mapema tu atakutafuta dalali mwenye bloku ya kuuza, yaani kundi la anwani za IPv4, namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti. Bei zake zijue kwanza. Mwaka 2011 Microsoft ilinunua anwani 666,624 za kampuni ya Nortel kwa dola milioni 7.5, kama dola 11 kila moja. Kufikia 2021 anwani moja ilipita dola 40. Kwa bei hiyo, /24 moja, yaani anwani 256, inazidi dola 10,000. Kampuni changa ya Kamalondo itazitoa wapi?

AFRINIC ya Mauritius, inayogawa anwani Afrika, haiuzi. Unalipa ada za uanachama na kuthibitisha kwamba unazihitaji. Tangu Januari 2020 ombi moja haliwezi kupita /22 (anwani 1,024), wala kuwa chini ya /24.

Anza na karatasi: RCCM (usajili wa biashara), Id. Nat. (namba ya utambulisho wa taifa), namba ya kodi, na kibali cha ARPTC, mdhibiti wa mawasiliano, kama unahudumia umma. Jina la kampuni liwe lile lile kila mahali; ukiandika "Ets" hapa na "SARL" pale, utaulizwa. Kisha fungua ombi la mwanachama mpya kwenye tovuti yao, Kifaransa kinakubalika. Mwenye wateja anaomba kama LIR, yaani anayegawia wateja wake anwani. Benki, chuo au mgodi unaotumia anwani kwa shughuli zake wenyewe unaomba kama mtumiaji wa mwisho.

Nguvu zako zote ziweke kwenye maelezo ya mtandao, maana hapo ndipo ombi linapopita au kukwama. "Tuna wateja wengi" haisaidii kitu. Andika hivi: mnara wa komini ya Kenya, wateja 60 wa biashara, anwani moja moja; mnara wa Kampemba, wateja 45 vivyo hivyo; seva 12; ruta na viungo 20; wateja wa majumbani watashiriki anwani 32 kwa NAT, njia ya wengi kutumia anwani moja. Jumla 169, kwa hiyo /24. Ambatisha ankara za ruta na mkataba wa anayekuuzia kapasiti (intaneti ya jumla). Wakaguzi wakiuliza, jibu kwenye tiketi ile ile, kwa namba.

Ombi likikubaliwa, unatia sahihi mkataba, unalipa, unapewa. IPv6, anwani za kizazi kipya, omba hapo hapo, na namba ya AS, inayotambulisha mtandao wako kwa mitandao mingine, kama una watoa kapasiti wawili au unataka kuingia LUBIX, kituo cha mitandao ya Lubumbashi kubadilishana data. Kabla ya kutangaza bloku kwa mitandao mingine, tengeneza ROA, hati ya kidijitali inayosema ni mtandao upi unaruhusiwa kuitangaza, ndani ya MyAFRINIC, tovuti ya wanachama.

Ukiamua kununua hata hivyo, sera ya uhamisho ya AFRINIC ni ya ndani ya Afrika, na mnunuzi naye huthibitisha hitaji lake. Bila idhini yao, daftari la wenye anwani halibadilishwi na pesa yako imepotea. Kagua bloku kwenye orodha za Spamhaus, shirika linaloorodhesha vyanzo vya barua taka, pia: ikiwa ilitumika kutuma barua taka, barua pepe za wateja wako zitakataliwa.