Kabla hamjabadilisha koini ndogo za nchi, angalieni haya

Watu wakisikia koini mpya wanakimbilia picha, na picha ndio sehemu rahisi. Hapa Kenya katiba ilishasema, kifungu cha 231, hakuna sura ya mtu kwa pesa, basi tarehe 11 Disemba 2018 zikatoka na twiga kwa bob moja, kifaru kwa tano, simba kwa kumi, ndovu kwa ishirini.

Kazi iko kwa chuma. Pigeni hesabu ya madini kabla mchoraji hajashika penseli, manake koini inaweza kukula pesa kuliko thamani yake. Marekani yamewapata: senti moja yao ilikuwa shaba asilimia 95, 1982 wakahamia zinki iliyopakwa shaba, uzito ukashuka kutoka gramu 3.11 hadi 2.5, na bado mwaka wa fedha wa 2024 kila moja iliwagharimu senti 3.69, mpaka Novemba 2025 wakapiga ya mwisho pale Philadelphia. Kama bei ya madini inapanda, msingoje miaka arobaini.

Halafu, na hapa naomba msipite haraka, mjue nani ataishika. Jirani yangu haoni, anauza njugu hapo stejini, ukimpa koini anapitisha ukucha wa kidole gumba kwa ukingo, anaipima kwa kiganja, anakwambia "hii ni kumi" na hakosei. Makanga naye usiku anahesabu vivyo hivyo, gari likiwa giza. Sasa mkitoa mbili zinazokaribiana ukubwa na ukingo ni ule ule, huyo mzee ataibiwa kila siku na hatajua. Tengenezeni za majaribio, mpeni yeye na wenzake wakae nazo wiki kadhaa kabla hamjaagiza mamilioni. Na amueni mapema kama zile za zamani zinabaki, maana zikibaki, kama zetu zilivyobaki, anajifunza seti mbili.

Mashine za kuhesabia ziandaliwe pia.

Na kama mnaondoa ndogo kabisa, kanuni ya kukadiria bei itangulie. Kanada waliacha kusambaza senti moja 2013, mwenye keshi anakadiriwa kwa senti 5 iliyo karibu, juu au chini, mwenye kadi analipa kamili. Bila hiyo mwenye duka ndiye ataamua, na sote tumeshatumwa dukani tukarudi na peremende badala ya chenji.