Folda ya NFS inafunguka lakini haihifadhi? Tazama namba

Wenzangu wenye steshenari na kompyuta mbili tatu za Linux, kuanzia Kariakoo hadi Mbagala: folda ya NFS (njia ya kompyuta za Linux kutumia folda moja kupitia mtandao) ikifunguka vizuri lakini ikagoma kuhifadhi faili, na kwenye /etc/exports (faili la seva lenye orodha ya folda zinazoshirikiwa) mmeandika rw, yaani ruhusa ya kusoma na kuandika, msikimbilie chmod 777. Hiyo inamwachia kila mtu mlango wazi, na kazi za wateja zimo humo! Andikeni amri ya id kwenye kila mashine, iwaonyeshe namba ya mtumiaji (UID). Kwa kawaida NFS haitazami jina, inatazama namba. Asha akiwa 1000 kwenye kompyuta yake na 1001 kwenye seva, seva inamwona mtu mwingine kabisa. Zifanyeni namba hizo ziwe sawa kila mashine.

Folda isipopatikana kabisa, angalieni kama faiwoli ya seva imefungua poti 2049, ambayo NFS huitumia. Na kila mkigusa /etc/exports, endesheni sudo exportfs -ra ili seva isome mabadiliko. Kusahau hilo kulinipotezea mchana mzima pale Sinza.