Jmol kwenye kompyuta yako, bila kivinjari

Jmol ni programu ya kuonyesha molekuli kwa pande tatu. Zamani ilifunguka ndani ya kivinjari kama apleti, yaani kiprogramu cha Java kinachokaa ndani ya ukurasa wa wavuti. Vivinjari vilipoitupa Java, wengi wakadhani nayo imekufa. Ipo, na ni faili moja tu, Jmol.jar, ambayo hata kusakinishwa haihitaji. Kinachosumbua watu ni Java yenyewe, ambayo ndiyo inayoiendesha Jmol.

1. Kagua Java. Fungua terminali, andika:

`java -version`

Ukijibiwa namba ya toleo, songa mbele. Ukiambiwa amri haijulikani, sakinisha. Kwenye Ubuntu:

`sudo apt install default-jre`

Usichukue ile yenye neno *headless* kwenye jina. Niliwahi kuichukua kwa vile ni nyepesi. `java -version` ikajibu vizuri kabisa, lakini kila nikiita Jmol napata HeadlessException, maana Java hiyo haichori madirisha. Jioni nzima nikawa naitukana Jmol bure.

2. Pakua. Inapatikana bure SourceForge. Chukua zip yenye neno *binary*. Itoe yote kwenye folda yake. Windows hukuruhusu kuchungulia ndani ya zip ukadhani umeshaifungua, kumbe bado.

3. Iwashe. Ingia kwenye folda hiyo kwa `cd`, kisha:

`java -jar Jmol.jar`

"Unable to access jarfile" maana yake umesimama folda nyingine. Kubofya faili mara mbili nako hufanya kazi, ila mara nyingine programu ya zip huidaka jar ikaifungua kama kifurushi. Mimi nimezoea terminali. Molekuli ikiwa kubwa, ongeza kumbukumbu: `java -Xmx2g -jar Jmol.jar`.

4. Ita protini. Kwenye menyu ya File chagua Console, uandike:

`load =1crn`

Alama ya `=` huituma Jmol kwenye PDB, hazina ya mtandaoni ya miundo ya protini. Hii ni krambini, protini ndogo ya asidi amino 46, nzuri kwa kujifunzia. Kama huna intaneti, uwe umepakua faili la .pdb mapema, kisha uliburute hadi dirishani.

Endelea, mstari mmoja mmoja:

```
select all
wireframe off
spacefill off
cartoon on
color structure
select sulfur
spacefill 40%
color cpk
```

Mpangilio una maana: kila amri hugusa kilichochaguliwa mwisho tu. Ukisahau `select`, utapaka rangi pasipotakiwa.

Sasa zungusha kwa kipanya. Juu ya utepe uliochorwa na `cartoon` kuna vidude sita vya manjano, vimekaa viwili viwili. Hizo ni atomu za salfa, na kila jozi ni daraja linaloishikilia protini isifumuke. Bofya mara mbili moja, kisha mara mbili mwenzake: Jmol itakuandikia umbali, takriban 0.2 nm.

5. Hifadhi picha.

`write IMAGE 1600 1200 PNG "krambini.png"`

Usipige picha ya skrini. Maandishi na kingo hutoka na ukungu ukichapisha.