Uko sekondari na unataka kuwa mpiga besi wa ukweli? Anzia hapa

Vijana wanaonifuata baada ya ibada au baada ya shoo hapa Mwanza wengi wana miaka 14 mpaka 17, na karibu wote swali la kwanza ni slapu, yani wanataka zile za kugonga uzi kwa dole gumba kabla hawajaweza kukaa kwenye wimbo mmoja wa dakika nne bila kuyumba. Nawapenda sana hawa vijana na sitaki mtu awavunje moyo, ila kuna kitu nawaambia wote na humu nitakirudia sana: mpiga besi siriasi utamjua pale anapoikata noti. Kuanzisha noti kila mtu anaweza, kujua idumu kiasi gani na inyamaze saa ngapi ndo kazi yenyewe, na hapo ndo watu wanacheza.

Huu ni mpangilio ninaoutumia mwenyewe kufundishia. Usiruke hatua hata kama inaonekana ya kitoto.

Hatua ya 1: Pata gitaa, ila lipime kwanza

Sio lazima liwe lako. Makanisa mengi hapa mjini yana gitaa la besi ambalo limekaa stoo wiki nzima linasubiri Jumapili. Mwone mwalimu wa kwaya, mpe shikamoo yake, muombe ufanyie mazoezi pale pale bila kulitoa nje. Ukiwahi kufika, ukasaidia kupanga viti na kukunja nyaya vizuri, mara nyingi wanakubali, na we kukunja nyaya ni sehemu ya kujifunza pia.

Kama wazazi wamekubali kununua la mtumba, chukua la nyuzi nne. La nyuzi tano utalikuta huko mbele, wapiga sebene, ule muziki wa kuchezeka wa Kikongo, wanalipenda kwa ajili ya ule uzi wa B wa chini, ila kwa sasa ni uzi mmoja zaidi wa kunyamazisha na bado hujajua kunyamazisha hata hizo nne. Alafu kabla hujatoa hela fanya hivi: bana uzi mnene kwenye freti (vile vyuma vilivyolazwa kwenye shingo) ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, angalia katikati, kwenye freti ya saba au ya nane. Panatakiwa pawe na upenyo mdogo sana, kama unene wa vocha ya kukwangua. Ukiona upenyo mkubwa shingo imevutika mbele, kuna chuma ndani yake kinakazwa na spana ya L, kama kinazunguka vizuri hakuna shida, kama kimekazwa mpaka mwisho na shingo bado imepinda liache hapo hapo hata kama rangi yake imekupendeza. Baada ya hapo nenda freti ya 12, piga noti kwa kubana, alafu piga tena kwa kugusa tu uzi juu ya kile chuma cha 12 bila kubana. Noti zote mbili ziwe sawa. Zikitofautiana kidogo inarekebishika kwenye daraja, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gitaa, zikitofautiana sana muulize fundi kabla ya kulipa. Zungusha vinobu vyote usikie kama vinakwaruza.

Vipimo: gitaa la kawaida kutoka nati, kile kipande chenye mikato karibu na kichwa, mpaka daraja ni inchi 34, karibu sentimita 86. Yapo mafupi ya inchi 30, kama sentimita 76, na kama mikono yako midogo hayo ni magitaa halali kabisa, usikubali mtu akwambie ni ya watoto. Na dada zangu, msiambiwe besi ni ya wanaume. Carol Kaye wa Marekani alikuwa kwenye studio za Los Angeles miaka ya 1960 anapigia watu kibao wakubwa, na alikuwa anatumia kipiki, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi badala ya vidole.

Kama gitaa lina betri ya volti 9 nyuma, chomoa jeki, ile ncha ya waya unayochomeka kwenye gitaa, kila ukimaliza kupiga. Ile jeki ndo swichi ya betri, ukiiacha imechomekwa usiku kucha betri inaisha.

Hatua ya 2: Usikie unachopiga, hata umeme ukikatika

Uzi mnene wa besi unatetemeka mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu haiwezi kuitoa hiyo sauti, ndo maana unasikiliza wimbo kwenye simu unaona besi haipo. Kwaiyo tafuta hedifoni, hata za bei ya kawaida, bila hizo unajifunza kitu usichokisikia.

Amplifaya ya besi ikiwepo ni vizuri. Sabufa ya nyumbani sikushauri, ile imetengenezwa kwa muziki ambao tayari umeshasawazishwa studio, ukichomeka besi ukapiga kwa nguvu ule mshtuko wa kwanza wa uzi unaweza kuipasua spika, na hapo mama atakuwa na haki ya kukasirika. Kama huna jinsi weka sauti ya chini kabisa.

Umeme ukikatika usiache mazoezi. Egemeza kichwa cha gitaa, pale kwenye funguo za kukazia nyuzi, kwenye mlango wa kabati la mbao au ukingo wa meza, mbao yote inaanza kuitika na utasikia besi yako vizuri tu. Kabati la nguo linafaa zaidi kwa sababu lina uwazi ndani.

Hatua ya 3: Kutyuni

Kutoka uzi mnene: E, A, D, G. Pakua programu yoyote ya kutyuni kwenye simu, ila jizoeze pia bila simu: freti ya tano ya uzi wa E ni sawa na A wazi, freti ya tano ya A ni sawa na D wazi, freti ya tano ya D ni sawa na G wazi. Kila siku kabla ya kushika chochote. Imeisha hiyo.

Hatua ya 4: Mikono, na hapa kaa muda mrefu

Mkono wa kulia dole gumba likae juu ya pikapu, kile kisanduku chenye sumaku chini ya nyuzi, au juu ya uzi wa E ukiwa unapiga nyuzi zingine, hapo linaunyamazisha pia. Piga kwa kidole cha shahada na cha kati kwa kupokezana. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za kampuni ya Motown kule Detroit, Marekani, alitumia kidole cha shahada peke yake, kwaiyo sio sheria, ila viwili vitakupunguzia uchovu. Mkono wa kushoto bana karibu kabisa na chuma cha freti, kwa nyuma yake, usibane katikati ya nafasi, utatumia nguvu nyingi bure. Kwenye freti za mwanzo zilivyo pana tumia cha kwanza, cha pili na cha mwisho, kidole cha pete kikae pamoja na cha mwisho kukisaidia.

Ncha za vidole kuuma ni kawaida, zitakomaa. Kifundo cha mkono au msuli wa mkono kuuma sio kawaida, simama, pumzika, angalia kama umekunja kifundo sana au umevaa mkanda mrefu gitaa likaning'inia magotini.

Sasa zoezi lenyewe. Weka metronomu, ile programu au kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 60 kwa dakika. Bana C, uzi wa A freti ya tatu. Piga kwenye moja, iache ilie mbili, tatu, nne, na moja inayofuata iikute imenyamaza kabisa. Hesabu nne za kimya. Rudia. Alafu ifupishe, ikate kwenye nne. Alafu kwenye tatu. Alafu kwenye mbili. Alafu ikate katikati ya moja na mbili. Kukata sio kuondoa kidole kwenye uzi, ukikiondoa uzi wazi utalia. Legeza tu, kidole kibaki kimegusa, na mkono wa kulia urudishe kidole kinachofuata juu ya uzi. Mikono miwili inanyamazisha kwa pamoja.

Najua linachosha na najua rafiki yako anapiga slapu za YouTube. Lifanye hivyo hivyo wiki mbili tatu, alafu jirekodi na simu, usikilize kwa hedifoni, we mwenyewe utasikia noti zako zimeanza kuwa na mwanzo na mwisho.

Hatua ya 5: Metronomu isikubebe

Ukizoea, ufanye ule mlio wake uwe kwenye mbili na nne badala ya kila pigo. Yani ukitaka kupiga wimbo wa kasi ya 100 weka metronomu 50, mlio ukilia useme "mbili", ukilia tena "nne", moja na tatu uzitunze mwenyewe. Mwanzoni utapotea. Endelea kwa kuongea kwa sauti kabla ya kupiga, mdomo ukiweza mikono itafuata.

Hatua ya 6: Do inahama

Kama umewahi kuimba kwaya una mtaji ambao watu wanaulipia. Ile karatasi ya solfa, mstari wa chini kabisa ni besi. Ichukue uipige. Do ni pale ki ilipo, yani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, wimbo ukiwa C do ni C, ukiwa G do ni G, maumbo ya vidole yanabaki yale yale. Na angalia jambo ambalo waimbaji wengi wanalipita: kwenye solfa kale kastari kanamaanisha noti inaendelea, nafasi tupu inamaanisha kimya. Urefu wa noti umeandikwa tayari, mwalimu aliyetunga alishakwambia pa kukata, we uheshimu.

Maumbo matatu ya kuanzia, yote ukihesabu kutoka do. Fa, ambayo kwenye bendi tunaiita nne, iko freti ile ile kwenye uzi unaofuata. Sol, yani tano, iko uzi unaofuata freti mbili mbele. Do ya juu, ruka uzi mmoja freti mbili mbele. Ukiwa C kwenye uzi wa A freti ya tatu, F ni uzi wa D freti ya tatu, G ni uzi wa D freti ya tano, C ya juu ni uzi wa G freti ya tano. Mtu akikupungia jukwaani vidole vinne au vitano unajua pa kwenda. Imba huku unapiga, kila noti, hata kama sauti yako huipendi.

Hatua ya 7: Sikiliza vya kwenu

Tunakaa ziwani na benga, muziki wa magitaa wa Wajaluo, imezunguka ziwa hili hili la Victoria. Mwanamuziki wa benga D.O. Misiani alizaliwa Shirati mkoani Mara mwaka 1940, akafanyia kazi yake Kenya na bendi yake ya Shirati Jazz mpaka alipofariki 2006, na kwenye benga besi haijifichi, inakimbia inajibizana na gitaa la solo. Chukua wimbo mmoja tu, punguza kasi YouTube mpaka 0.75, imba mstari wa besi mpaka uweze kuuimba bila wimbo kulia, ndo ushike gitaa. Alafu hamia muziki wa dansi, bendi ya Mlimani Park ya Dar es Salaam walianza 1978 na zipo rekodi nyingi: sikiliza besi ya mwanzoni pale mwimbaji anapoimba, noti ndefu zimetulia, alafu sikiliza chemko, ile sehemu ya kuchangamka ya mwishoni, linapoingia noti zinavyofupishwa. Mpiga besi ni yule yule, ki ni ile ile. Alichobadilisha sana ni urefu.

Na msikilize Richard Bona wa Kamerun. Alikuwa kijana wa rika lako pale Douala alipomsikia mpiga besi wa Marekani Jaco Pastorius kwenye sahani ya santuri akahamia besi, na kabla ya hapo alikuwa anajitengenezea vyombo mwenyewe.

Hatua ya 8: Mtafute mpiga dramu wako

Peke yako chumbani hutakuwa mpiga besi. Kaeni wawili tu, besi na dramu, bila kinanda, bila solo. Mwambie apige kiki (ngoma kubwa ya mguu) na snea (ngoma ya mlio mkali), we piga noti moja pamoja na kiki na uikate pale snea inapolia. Jaribuni tena noti ivuke snea. Ongeeni, ipi imefanya mguu utake kuondoka? Mkikubaliana hivyo kwenye kila wimbo, kwaya nzima itasimama vizuri na wengi hawatajua kwa nini.

Na nauli ikipatikana nenda Bujora, pale Kisesa, hasa kipindi cha Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma karibu na sikukuu ya Ekaristi, makundi ya Bagika na Bagalu yanaposhindana kucheza. Usiangalie tu nyoka wanaochezwa nao. Simama karibu na ngoma kubwa usikilize inavyoshika mwendo wakati ndogo zinazunguka juu yake, na inaponyamaza uangalie miguu ya wachezaji.

Hatua ya 9: Nyuzi, shule na wazazi

Nyuzi za besi ni ghali, kwaiyo nawa mikono kabla, zifute na kitambaa kikavu baada. Zikianza kulia butu zitoe, zichemshe kwenye sufuria dakika kama kumi, zikaushe kabisa ndo uzirudishe, utapata muda mwingine wa sauti safi. Zikiwa zimeshaota kutu hapo nunua mpya.

Mazoezi ya dakika 20 asubuhi na 20 jioni yanazidi masaa manne ya Jumamosi, na yanakuachia muda wa kusoma. Wazazi wakiuliza hii itakufikisha wapi usijibu kwa hasira, waonyeshe kwamba muziki unasomewa: TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, iko Bagamoyo, DCMA, chuo cha muziki, iko Zanzibar tangu 2002, na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kule Arusha wana shahada ya muziki. Ukiwa kidato cha tatu anza kuuliza masharti yao ya kujiunga, uyaandike, uyapeleke nyumbani pamoja na matokeo yako ya muhula.