Kabla hujagusa memori ya PostgreSQL

Anza kwa kujua seva inayoendesha PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ina RAM kiasi gani na nani mwingine anaitumia. Mashine ya gigabaiti 16 iliyobeba hifadhidata peke yake si sawa na ile inayoendesha pia tovuti na barua pepe. Ikiwa ni ya hifadhidata tu, shared_buffers, yaani memori ambamo PostgreSQL huweka data inayotumika, ipe robo, yaani gigabaiti 4; megabaiti 128 inazokuja nazo ni kidogo mno. Kupita asilimia 40 hakusaidii kwa kawaida, kwa sababu PostgreSQL hutegemea pia akiba ya faili ya mfumo endeshi.

Kisha hesabu miunganisho. Hapa ndipo watu huumia, kwa hiyo shika kalamu na karatasi. Kiwango cha work_mem, memori ya kufanyia kazi maswali, ambacho huja kikiwa megabaiti 4, si cha seva nzima wala si cha mtumiaji mmoja. Ni cha kila tendo la kupanga data au kujenga jedwali la heshi, na swali moja (ombi moja la data) laweza kuwa na matendo kadhaa kwa wakati mmoja. Tuseme miunganisho ni 100, work_mem ni megabaiti 64, na kila muunganisho unapanga data mara mbili: 64 × 2 × 100 ni megabaiti 12,800. Jumlisha zile gigabaiti 4, RAM imekwisha na Linux yenyewe haijapata chake. Tena tangu toleo la 15, heshi huruhusiwa maradufu ya kiwango hicho. Linux ikiishiwa huua mchakato mmoja, na PostgreSQL ikiona mchakato wake umeuawa hivyo hukata miunganisho yote ili ijirejeshe. Ripoti ya mhasibu mmoja inaweza kuwakatisha kazi wauzaji wote walioko kaunta.

Ndiyo maana napendelea work_mem ndogo kwa wote, na ripoti nzito iongezewe kwa amri ya SET ndani ya muunganisho wake. Kabla ya kuongeza, pata ushahidi: weka log_temp_files iwe 0 kwa siku chache, uone ni maswali gani yanamwagikia kwenye diski na kwa ukubwa gani.

maintenance_work_mem, ya kujengea faharasa na ya VACUUM (usafi wa mabaki ya data iliyofutwa), unaweza kuipandisha zaidi ya megabaiti 64 inazokuja nazo, ila kumbuka wafanyakazi watatu wa autovacuum, VACUUM inayojiendesha yenyewe, nao huweza kuitumia kila mmoja kivyake. effective_cache_size haitengi memori yoyote. Ni makadirio tu ya kumwongoza mpangaji wa maswali.

Mabadiliko ya work_mem hayahitaji kuzima seva. shared_buffers inahitaji, basi patana na watumiaji saa ya kuizima. Nakili faili za mipangilio, postgresql.conf pamoja na postgresql.auto.conf, maana hii ya pili ndiyo hushinda zikipingana. Hakikisha pia unaweza kuingia kwenye mashine yenyewe: seva ikigoma kuwaka, ALTER SYSTEM, amri ya kubadili mipangilio ukiwa ndani ya PostgreSQL, haitakufaa, itakubidi urekebishe faili kwa mkono.